Mafaili yetu ya viwanja vya Chanika

Ndugu zangu, habari za jioni. Wakili wetu anafunga ofisi ya Kariakoo mwisho wa mwezi, hivyo kila mmoja akachukue faili lake mwenyewe. Tafadhali msimtume bodaboda. Jana nilifungua la kwangu palepale mezani: mkataba wa mauziano upo, ila risiti ya awamu ya pili tuliikuta kwenye bahasha ya jirani yangu! Kagueni karatasi moja moja kabla ya kusaini kitabu cha makabidhiano. Ulizeni pia nakala zinazobaki atakaa nazo nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje. Mlio mikoani, mwandikieni ndugu barua ya idhini.