York alikuwa mtumwa, tusimwite mtumishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya neno moja. Mwezi uliopita niliandamana na familia kadhaa zilizofika karibuni hapa Louisville, Kentucky, kutoka kambi za wakimbizi. Tuliwapeleka kando ya Mto Ohio wakaone sanamu za shaba nyeusi zinazosimulia historia ya mji. Tulipofika kwenye sanamu ya York, mkalimani wetu, kijana mpole mwenye Kiswahili kizuri, akasema, "Huyu alikuwa mtumishi wa Kapteni Clark." Wageni wakaitikia kwa kichwa, tukasonga mbele. Mimi neno lile limenikaa kooni mpaka leo.

Kwetu mtumishi ni cheo. Kanisani mchungaji ni mtumishi wa Mungu, na serikalini kuna watumishi wa umma wenye mshahara na likizo. Maneno haya mawili, mtumishi na mtumwa, yana asili moja, kutuma, lakini mtumwa hutumwa na hana pa kukataa. York alikuwa mtumwa. William Clark alimrithi kwa baba yake mwaka 1799, kama mtu anavyorithi shamba na ng'ombe.

Oktoba 1803 York aliondoka eneo hili pamoja na bwana wake katika msafara wa makapteni Lewis na Clark, uliovuka bara la Amerika Kaskazini hadi Bahari ya Pasifiki. Aliwinda, alibeba mizigo, alipiga makasia. Sajini Charles Floyd alipougua, York ndiye aliyemuuguza hadi alipokata roho Agosti 1804. Novemba 1805, kule pwani, wasafiri walipoulizwa mmoja mmoja wapi wajenge kambi ya majira ya baridi, neno la York liliandikwa daftarini pamoja na ya wengine. Waliporudi mwaka 1806 askari wenzake walipewa malipo maradufu na ardhi, ekari 320 kila mmoja. York hakupewa kitu.

Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia, na hapo ndipo mimi naona hadithi inapoanza kuuma. York alikuwa na mke hapa Louisville, naye ni mtumwa wa bwana mwingine. Clark alipohamia St. Louis mwaka 1808 alimchukua York. York akaomba akodishwe kwa mtu yeyote huku Louisville, mradi awe karibu na mkewe. Clark alikataa. Alimruhusu aje kumtembelea tu, kisha arudi. Aliporudi akiwa na huzuni na hasira, Clark alimpiga, na mwaka 1809 akamwandikia kaka yake Jonathan kumweleza hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Barua hizo zipo. Zinatunzwa na Filson Historical Society, hapahapa mjini.

Sasa nambie, Ndugu Mhariri, mtumishi gani anachapwa kwa sababu amemkumbuka mke wake?

Sanamu yenyewe sina ugomvi nayo, naipenda. Aliyeitengeneza mwaka 2003 ni Ed Hamilton, mchongaji mweusi aliyekulia Louisville, na amemsimamisha York wima, bunduki mkononi. Ukimtazama unaona mwanamume kamili, mwenye uzito wake. Lakini kile kiburi chake cha shaba kinaweza kutudanganya, tukadhani aliishi hivyo hadi mwisho. Sanamu haina mdomo wa kutueleza yaliyompata baada ya safari. Kazi hiyo imebaki kwetu tunaowaleta watu pale.

Nilizaliwa Lubumbashi wakati mkoa wetu ukiitwa Shaba. Shaba nyeusi ni shaba iliyochanganywa na bati, na bati pia ilichimbwa kwetu, Manono. Kwa hiyo najua jinsi nchi inavyoweza kuwa na madini tele na isiwe na sanamu ya mtu wake. Kinshasa, juu ya Mlima Ngaliema, kulikuwa na sanamu kubwa ya shaba ya Stanley, mpelelezi Mzungu, ikiutazama Mto Kongo, mpaka ikaondolewa mwaka 1971. Wengi wa wapagazi waliobeba mizigo ya Stanley walitoka Zanzibar, wakizungumza lugha hii ninayoandikia. Pale mtoni alisimamishwa aliyewaongoza. Waliobeba hawakusimamishwa. Ndiyo maana kumwona mbeba mizigo York akiwa juu ya jiwe lake, akiutazama Ohio, kulinitoa machozi siku ya kwanza.

Kutoka hapo, ukifuata mto kuelekea mashariki, unafika Waterfront Park, ilipo sanamu ya Rais Abraham Lincoln ameketi juu ya mwamba. Hiyo pia ni kazi ya Hamilton, iliyozinduliwa Juni 2009. Watoto hupanda wakakaa karibu naye, na hakuna anayewafukuza. Wageni wetu walipiga picha nyingi hapo. Ningependa wangekaa zaidi mbele ya michongo minne iliyo pembeni, hasa ule wa watu waliofungwa minyororo. Mwaka 1841 Lincoln, akitoka kumtembelea rafiki yake Joshua Speed hapa Louisville, aliona kwenye meli watumwa kumi na wawili wamefungwa sita sita, na katika barua aliyoandika mwaka huo akawafananisha na samaki waliotungwa kwenye mshipi. Walikuwa wanapelekwa kuuzwa kusini. Mwaka 1855 alimwandikia Speed kwamba picha ile bado inamtesa. Na tangazo lake la mwaka 1863 la kuwaacha huru watumwa halikuigusa Kentucky, kwa kuwa lilihusu majimbo yaliyojitenga na Muungano wa Marekani, na Kentucky haikujitenga. Hapa utumwa uliisha Desemba 1865.

Ng'ambo ya mto ni Indiana, iliyokuwa nchi ya watu huru. Siku ile tulivuka kwa miguu juu ya daraja la Big Four, watoto wakikimbia mbele, mama mmoja na mtoto mgongoni. Sikuwa na ujasiri wa kuwasimamisha katikati na kuwaambia ni watu wangapi walitamani kuvuka hapo. Najuta.

Ombi langu ni kwa wakalimani, walimu wa Jumapili na wazazi wote wanaozungumza Kiswahili mji huu: semeni mtumwa. Simulieni hadi mwaka 1809. Na kwa wanaosimamia ukingo huu wa mto, wekeni maelezo ya York kwa Kiswahili pia, lugha inayosikika katika shule na mabasi ya Louisville, na mtafute mtu wa kuyatafsiri anayejua tofauti hii.

Jioni binti yangu aliniuliza jina la mke wa York. Katika barua za Clark halimo.

Msomaji wako,
Louisville, Kentucky