Sio kila jino kubwa la papa ni la megalodoni

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua manake hili jambo limenikaa moyoni. Mtu akiokota jino kubwa la papa lililogeuka jiwe, jina linakuwa moja tu, megalodoni, yule papa mkubwa mno aliyetoweka zamani, na magazeti nayo yanalibeba hivyo hivyo bila kuuliza jino lenyewe linasema nini.

Na jino linasema mengi jamani. La megalodoni ni nene, kingo zake zina msumeno mdogo mdogo uliopangika vizuri toka juu mpaka chini, na upande ule unaoangalia ndani ya mdomo, kati ya taji na mzizi, kuna mkanda wa rangi tofauti ulioshuka kama herufi V pana. Papa mweupe naye ana msumeno ila wake ni mkubwa na haujapangika, jino ni bapa na mkanda ule hana. Ukikuta jino pana, bapa, halafu kingo laini kabisa, fikiria Carcharodon hastalis, ambaye wataalamu wengi wanamweka kwenye ukoo wa papa mweupe wa leo. Otodus obliquus, wa zamani zaidi, kingo zake pia laini lakini ana vijino pembeni ya jino kuu, huku na huku. Ila angalia, jino lililosuguliwa sana na mchanga na mawimbi msumeno wake unafutika, kwahiyo ulaini peke yake usikudanganye.

Ukubwa nao sio kipimo. Ni kweli meno makubwa kabisa ya megalodoni yanafika kama sentimita 18, lakini huyo huyo alikuwa na watoto, na hata mkubwa meno yake ya nyuma ya taya ni madogo. Rangi ndo kabisa, inatokana na madini ya udongo jino lilipolala, jeusi sio lazima liwe la zamani kuliko la kahawia.

Kwenye pingili za uti wa mgongo ndo watu wanapotea zaidi. Mifupa ya papa ni gegedu, inaoza, pingili zinabaki kwa sababu zimekazwa na kalsiamu, na ndo maana tunaokota meno mengi sana na pingili chache. Pingili ya papa ni duara, imebonyea pande zote mbili, ina pete pete kuanzia katikati. Samaki wa mifupa naye pingili yake imebonyea pande mbili, ila mara nyingi utaona mabaki ya miiba ya mfupa yaliyoshikana nayo. Ya nyangumi au pomboo nyuso zake ni bapa au karibu na bapa, na palipovunjika ndani utaona mfupa wenye vitundu vitundu. Baada ya hapo igeuze uangalie ubavu wake: kundi la papa mweupe na megalodoni lina nyufa nyingi nyembamba zilizopangana ubavuni, kundi la papa chui ubavu ni laini zaidi na kuna matundu yaliyokaa mawili mawili. Mara nyingi hapo ndo mwisho, pingili moja iliyookotwa peke yake ni nadra sana ikupe spishi, na mtaalamu akikwambia hivyo hajakunyima kitu, amekwambia ukweli.

Zikikaa pamoja ni habari nyingine kabisa. Ubelgiji kuna pingili kama 141 zinazohesabiwa kuwa za megalodoni mmoja na wanasayansi wamezitumia kukadiria mwili wake. Na kule Jan Juc, Australia, mwalimu mmoja anayependa visukuku aliona meno kwenye jiwe ufukweni, akawaita watu wa makumbusho, yakatoka zaidi ya 40, mengi ya papa mmoja mkubwa wa aina ya angustidens, ndugu wa megalodoni, aliyeishi kama miaka milioni 25 iliyopita, na katikati yake vijino vya papa wengine wadogo waliokuja kula mzoga. Hebu fikiria angechukua lile zuri moja akaenda zake, hayo ya mzoga nani angejua?

Kwahiyo mhariri, mkiletewa picha ombeni iwe na rula pembeni, jino lipigwe pande zote mbili na ubavuni, mzizi uonekane wote, maana kuna meno yanayouzwa yakiwa yamegundishwa mzizi wa jino jingine. Mwulizeni aliyeokota ni wapi hasa na lilitoka kwenye tabaka gani la mwamba, hilo likisahaulika halirudi tena. Na kama jibu la mtaalamu ni "papa wa kundi la Lamniformes, spishi haijulikani", yaani lile kundi la papa mweupe na megalodoni, tafadhali liandikeni hivyo hivyo hata kwenye kichwa cha habari.

Msomaji wenu, mpenda visukuku