Barua kwa mwanangu Nyemo

Mwanangu Nyemo,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, kifua cha baba yako kimeachia. Jana mdogo wako kanipigia na mambo mawili: kwamba una mimba ya wiki 9, na kwamba asubuhi unatoka kwenda kazini Mtumba na chai ya rangi tu tumboni, mpaka saa nane mchana. La kwanza nililifurahia hadi nikakaa chini. La pili limeninyima usingizi.

Kula, mwanangu. Kichefuchefu nakijua. Kula kidogokidogo, kiazi kitamu, uji wa ulezi uliotiwa karanga, lakini kula kabla hujatoka.

Mikono hii ya mkunga imelishika kondo la nyuma miaka 31. Tulilikagua kama limetoka lote, kisha likaenda shimoni, karibu nusu kilo ya nyama ambayo sikuwahi kuiuliza ilikuwa ikifanya nini miezi yote ile. Nilikuja kuelewa kwenye semina, nikikaribia kustaafu. Jeni za mtoto, yale maagizo ya mwili anayorithi kwa wazazi, hazibadiliki kwa chakula, ila juu ya jeni hizo hukaa alama ndogo za kemikali, methili, zinazosaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi ilale. Kondo nalo lina alama zake, na kwa hizo hupimwa likue kiasi gani, limpitishie mtoto nini. Malighafi ya alama hizo ni virutubisho vinavyotoka sahanini kwako: foleti ya kunde na mboga za majani, kolini ya mayai, vitamini B12 ya maziwa na nyama. Na kondo lako linajengwa sasa hivi, Nyemo, wiki hizihizi za chai ya rangi.

Uholanzi walikuwa na njaa ya vita, baridi ya 1944 kuingia 1945. Waliotungwa mimba wakati ule walipimwa miaka kama 60 baadaye, na kwenye jeni moja ya ukuaji, IGF2, alama zilikuwa pungufu kuliko za ndugu zao wa tumbo moja. Utasema hiyo ni njaa ya vita. Basi Gambia, wakulima kama sisi: watoto waliotungwa mimba masika, ghala likiwa tupu, alama zao zilitofautiana na za wale wa kiangazi.

Hiyo ya Gambia ndiyo iliyonikaa. Miezi ya kwanza ya mimba yako ilikuwa Januari na Februari, mahindi bado mabichi shambani. Kliniki niliwahimiza wanawake wa watu wale mayai. Ya kwangu niliuza. Bibi yako alisema yai humletea mtoto shida, sikumbishia, na mimi ndiye niliyesomea. Ulizaliwa na kilo 2.1. Ukiniambia presha imepanda kidogo, mimi nasikia kilo zile 2.1 na mayai niliyouza.

Sikuandikii uogope. Alama hizo si hukumu, na kliniki ipo. Lakini wewe unayekagua hesabu za ofisi nzima, shilingi isikupotee, inakuwaje vidonge vya madini chuma na foliki asidi vikae kabatini? Vimeze kila siku, na chai isogeze mbali na chakula, inazuia madini chuma. Udongo nao uache. Mdogo wako kaniambia, usimgombeze.

Mwambie na mumeo. Ile IGF2, nakala inayofanya kazi kwenye kondo ni iliyotoka kwa baba. Kwa hiyo lake limo humo, naye aamke akukorogee uji.

Nakutumia karanga debe moja, kunde, na ilende kavu. Mboga mbichi nunua sokoni Majengo. Mfuko ataupokea mdogo wako stendi Jumamosi, debe alirudishe, ni la mama mchungaji. Mbuzi mweupe kazaa mapacha. Paa la jiko bado linavuja upande wa mafiga, fundi kachukua hela ya misumari hajaonekana.

Nitapiga simu Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nitakuuliza umekula nini.

Mama yako