Mkono wa mfalme

Somo yangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Hatujambo sote, ila swali lako limenikaa kichwani wiki nzima: ile R katika sahihi ya Malkia Elizabeth wa Uingereza ni ya nini? Ni ya Regina, malkia kwa Kilatini. Mfalme Charles naye ni Charles R, yaani Rex, mfalme. Zamani walikuwa wakiongeza I, ya Imperator, yaani kaisari, kwa kuwa walijiita watawala wa dola ya India. India ilipojitawala 1947, George wa Sita akaiacha I hiyo, na mama yake alipopata barua ya kwanza isiyo nayo aliandika kwenye bahasha kwamba amehuzunika sana.

Lakini ngoja nikwambie kilichonigusa. Juzi ofisini kaja kijana na hati ya shamba, anataka aipeleke nyumbani bibi yake aweke dole gumba, kisha airudishe. Wakili akakataa: bibi aje mwenyewe. Akaja, taratibu, kashikwa mkono. Kidole kimesagika kwa jembe, mistari haionekani. Tukarudia mara tatu kwenye pedi ya wino.

Nikamkumbuka Mfalme George wa Nne wa Uingereza. Mwaka 1830, wiki chache kabla ya kufa, maradhi yalifanya kushika kalamu kuwe mateso. Bunge likapitisha sheria atumie muhuri wa sahihi yake, ila ugongwe mbele ya macho yake, kwa amri ya kinywa chake, mashahidi wakiwapo. Ndiyo yale yale ya bibi yetu!

Wabunge walikuwa na sababu ya kuuogopa muhuri. Tangu 1545 makarani wa Mfalme Henry wa Nane walikuwa na muhuri mkavu: unakandamizwa kwenye karatasi bila wino, unaacha alama, kisha karani anaifuatisha polepole kwa kalamu. Januari 1547, mfalme akiwa mahututi, muhuri huo ukaidhinisha sheria ya kumuua mkuu mmoja, Duke wa Norfolk. Usiku huo huo Henry akafa, na Norfolk akaponea hapo. Enzi ya Malkia Mary, binti yake Henry, Bunge likaitangaza sheria ile batili, hoja mojawapo ikiwa kwamba mfalme hakuitia mkono wake. Somo, mimi naona walisema kweli. Sisi wenyewe neno letu la kutia mkono ni “sahihi”. Isiyo ya mkono wa mwenyewe itakuwaje sahihi?

Hata hivyo mkono wa mfalme hausimami peke yake. Yeye huandika juu kabisa ya hati, chini hutia sahihi waziri, na huyo waziri ndiye wa kujibu Bungeni.

Na hili ni la huko kwenu. Tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth akiwa Sagana Lodge karibu na Nyeri, habari za kifo cha baba yake, George wa Sita, zilipofika, katibu wake alimuuliza atatawala kwa jina gani. Akajibu: langu mwenyewe. Jina hilo akalitia kwenye hati kwa miaka 70.

Wasalimie watoto.

Ni mimi somo yako