Jumamosi ni Karura

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi tunaendesha baiskeli Msitu wa Karura, Nairobi. Tukutane Geti A, Barabara ya Limuru, saa moja asubuhi. Saa moja ni saa moja, si ile ya "niko njiani".

Tutazunguka upande wa Mto Karura. Njia ni ya udongo mwekundu, na kukinyesha usiku inateleza vibaya, kwa hiyo kagueni breki na tairi mapema. Bebeni tyubu ya akiba, pampu ninayo. Asiye na baiskeli anaweza kukodi mle msituni. Helmeti ni lazima, hata kwa wazoefu (mnajijua).

Kwenye maporomoko ya maji na mapango tutaziacha baiskeli juu, tushuke kwa miguu. Mapango hayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo, na wenyeji waliyaheshimu kama mahali pa ibada tangu zamani. Tusipite tukipiga picha tu. Na kumbukeni msitu huu ulikuwa karibu kugawanywa viwanja: Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapo walipokwenda kupanda miti. Leo ni kama hekta 1,000 za kivuli katikati ya jiji.

Vyakula vifungeni vizuri, kima wa pale hawana aibu. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku msituni tangu 2020, kwa hiyo leteni chupa ya kujaza.

Wanaotembea kwa miguu tuwapishe, hasa wenye watoto. Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Ijumaa jioni.