Nyumba za Brunswick si za mawe, naomba mrekebishe

Mhariri, salaam sana. Mi ni fundi wa plasta na rangi, kwetu Malindi Unguja, nipo huku Hove kusini mwa Uingereza mwaka wa kumi na moja sasa, na ile makala yenu ya nyumba za zamani za Brunswick Square nimeisoma mpaka mwisho afu nikairudia tena, maana ni mara ya kwanza naona gazeti la Kiswahili linataja mtaa ninaopandia ngazi kila siku. Nimefurahi kweli. Ila mmeandika ni majumba ya mawe, na kwamba wenye nyumba wanalazimishwa kupaka rangi kila miaka mitano ili mji upendeze tu. Hapo sio jamani.

Yale sio mawe. Ukisimama pale katikati ya uwanja unaona nguzo ndefu, madirisha yaliyobinuka mbele, roshani zenye vyuma, nyumba zimeungana ukuta kwa ukuta zote rangi moja ya krimu, na kwenye ukuta kuna mistari kama mawe makubwa yamepangwa, sasa ile mistari imechorwa kwenye plasta tu ili ifanane na jiwe la kuchonga. Nyuma ya plasta kuna kitu wenyeji wanaita bungarushi, yani mafundi wa zamani walikuwa wanafunga mbao pande mbili, humo ndani wanatia chokaa, mchanga, kokoto za ufukweni, mawe gumegume, vipande vya matofali, chochote kilicho karibu. Ni rahisi na kazi inaenda haraka, na walikuwa na haraka maana mwana wa mfalme, yule aliyekaimu kiti cha baba yake toka 1811 mpaka 1820 afu akawa George wa Nne, alishajijengea kasri lake Brighton, mji jirani hapa, na matajiri wa London wote wakataka kukaa karibu na bahari. Shamba lilikuwa la Thomas Scutt, mchora ramani za majengo Charles Busby, kazi ikaanza katikati ya miaka ya 1820. Busby alichora ule uso wa mbele na kila anayechukua ploti lazima aufuate, ndani alikuwa anajenga anavyotaka, ndo mana nje utadhani nyumba moja ndefu ila ukiingia kila mlango una mambo yake.

Sasa bungarushi na maji haviendani kabisa. Miaka kadhaa nyuma tuliitwa kwenye nyumba moja, sitaitaja, msimamizi akasema zibeni ufa kwa saruji, mi nikamwambia bosi huu ukuta ni wa chokaa, saruji ni ngumu itakataa kucheza nao, akasema ziba. Tukaziba. Masika iliyofuata nikapita, kipande kipana kama mlango kimevimba, nikagonga kwa ngumi kikaanguka chote miguuni kwangu, nikatia kidole ndani ya ukuta mchanga ukaanza kumwagika wenyewe kama gunia limetoboka, na likatoka gumegume kubwa kama ngumi limelowa. Mvua ilipita kwenye ufa mdogo pembeni ya saruji yetu ikakosa pa kutokea. Hiyo siku sikula vizuri, nilijua mkono wangu ulikuwepo.

Ndo sababu ya rangi. Sheria ya 1976 ya halmashauri ya Hove inayowataka wenye nyumba wapake kila miaka mitano, kwa sisi mafundi ile rangi ndo koti la mvua la nyumba, na ukipanda kupaka ndo unaona ufa ukiwa bado mdogo kama unywele. Uzuri unakuja juu yake. Na nyumba hizi zilishakaribia kuondoka, 1945 halmashauri ilikuwa na mpango wa kuzivunja, watu wakaunda chama cha kuzitetea na leo zimeandikwa daraja la kwanza la majengo yanayolindwa, huwezi kubadilisha hata dirisha bila kibali. Namba 13 inakarabatiwa polepole kama makumbusho, na besimenti ya namba 10 walipofanya kazi watumishi imehifadhiwa nayo, mtu akifika asiangalie nguzo tu, ashuke kule chini.

Naandika kwa uchungu kidogo kwa sababu nyumba ya bibi yangu Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, na wajomba wameshapiga saruji ukuta wa chooni, kila mwaka unavuja chumvi na nikipiga simu wananiambia saruji ndo imara. Beit al Ajaib, lile jumba la zamani la kulekule Mji Mkongwe, imeanguka upande mmoja Desemba 2020 tukiangalia. Mlio na gazeti mna sauti kuliko mimi, wajomba watawasikia nyie.

Na picha mliyoweka sio Brunswick, ni Adelaide Crescent, jirani yake upande wa magharibi.

Fundi, Hove