Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024: pipi za chenji zimeisha, daftari bado lipo

Ndugu wanachama, wenye maduka wenzangu, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, mnaoingia sasa hivi viti vipo huko nyuma.

Kabla ya yote tuwakumbuke wenzetu walioondoka kwenye lile ghorofa la Kariakoo lililoporomoka Novemba 16, mana hakuna mtu humu ambaye mzigo wake hautoki Kariakoo. Mungu awalaze pema.

Sasa kazi. Mwaka jana tulikubaliana kila mwenye duka awe na Lipa Namba, ile namba ya duka ya kulipiwa kwa simu, ifikapo Juni, na mlinibishia sana, mnakumbuka, kuna mzee wangu mmoja simtaji alisema hayo ni mambo ya supamaketi. Leo ukianzia kituo cha daladala mpaka kule msikitini kila dirisha la duka lina kibandiko, wengine wameweka vitatu vya mitandao mitatu, na huyo mzee wangu chake kakibandika juu kabisa ya yale maandishi yake ya "Leo keshi kesho mkopo". Mzee asante, nimekiona.

Na wala msidhani tumekuwa wa kisasa, imeshika kwa sababu ya chenji. Mtu anakuja saa kumi na mbili asubuhi na msimbazi mzima, noti ya elfu kumi, anataka maandazi na majani ya chai ya mia mbili, utamrudishia nini? Tulikuwa tunawapa pipi, tunawapa kiberiti, watoto wa mtaa huu meno yameoza kwa chenji zetu jamani. Sasa hivi kitu ni 1,700 analipa 1,700, habari imeisha. Na lile la pili ni ugomvi wa "weka na ya kutolea", mteja akituma kwenye namba yako ya kawaida unamwambia ongeza ya kutolea, anakwambia mi nimelipa bei ya kitu, mnaanza kutazamana. Kwangu mimi hela ikiingia kwenye Lipa Namba naizungusha humohumo, wa soda namlipa humo, LUKU nanunua humo, ninayoitoa mkononi ni kidogo sana.

Wale wa vibandiko vitatu niwaambie kimoja kinatosha, siku hizi mtu wa Airtel analipa kwenye namba ya Voda bila shida, Benki Kuu ina mfumo wake unaitwa TIPS ndo unaunganisha mitandao na mabenki. Afu *150*00# ya M-Pesa inakubali hata kwenye kiswaswadu, haitaki bando. Hilo tulilijua vizuri Mei 12, nyaya za baharini zilipokatika intaneti ikasuasua nchi nzima, wenzetu wenye programu za kwenye mtandao walikaa wanaangalia kile kiduara kinazunguka, sisi wa kubonyeza nyota tuliendelea kuuza. Na Novemba Tigo Pesa ilipogeuka Mixx by Yas nilipata kazi ya ziada mana kila bibi alikuja na simu yake dukani, mwanangu hebu angalia hawa Mixx ni kina nani, wameniibia?

Hapo sasa tuje kwenye wizi, mana ndo umetuumiza mwaka huu. Ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii" mnaijua, siirudii. Inayotumaliza ni ya mteja kukunyooshea simu yake, ona nimeshalipa, na dukani kuna foleni, unaitikia tu sawa sawa kumbe meseji kaitengeneza mwenyewe. Usisome simu ya mteja. Soma simu yako, na kama meseji imekuja kwa namba ya kawaida ya mtu ujue ni uongo, na kama haijaingia angalia salio, akae asubiri, mwenye haki yake hakasiriki dakika moja.

Na mimi mwenyekiti wenu nilipigwa, sioni aibu kusema. Nilikuwa naenda Kariakoo simu nimeibeba mimi, dukani nimemuacha kijana, basi yule kijana kachukua karatasi kaandika namba yake kaibandika juu ya namba yangu, vizuri kabisa na gundi. Wiki mbili nzima! Sukari inaisha, mafuta yanaisha, hela siioni, namlaumu panya. Nilipogundua kwamba siku nikiwepo karatasi inatolewa nikakaa chini nikacheka halafu nikalia. Kwaiyo kamati inashauri laini ya duka ikae dukani kwenye simu yake, na kabla hujalipwa mwambie mteja akusomee jina lililotokea kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri. Jina likiwa sio lako, piga kelele.

Kuhusu ile programu ya mauzo tuliyoijaribu, nisiwafiche, imetushinda. Wale vijana walikuja wakatufundisha vizuri tu, unapiga picha ile mistari ya kwenye pakti, bei inatokea, jioni unaona faida. Shida yake inajua pakti haijui kupima. Duka letu sisi ni sukari robo, mafuta ya mia tano kwenye kichupa, kitunguu kimoja, sigara moja, unga nusu na nusu nyingine atachukua jioni. Mistari ya kupiga picha kwenye kitunguu iko wapi? Mwenzetu mmoja alikuwa anaandika "sukari robo" kila mara kwa kidole huku watu wanamgongea dirisha, siku ya tatu karudi kwenye daftari. Na tulianza kipindi kibaya, sukari ilikuwa imeadimika mwanzoni mwa mwaka bei inapanda kila ukienda kuchukua mzigo, ukisahau kubadilisha bei kwenye simu programu inakwambia umepata faida kumbe mtaji unaliwa. Waliobaki nayo ni wenye vipodozi na vinywaji, vitu vya pakti na chupa, na wao wanaisifia, sawa. Ila tusiseme tena mtu asiyetumia ni mshamba.

Na daftari la madeni, hilo hakuna simu iliyoligusa. Mteja wa mkopo unamjua, unajua mumewe analipwa lini, unajua nani umkatalie na nani ukimkatalia watoto wanalala njaa. Nilichokiona ni kwamba baadhi yetu tukibanwa na madeni ya watu tunakimbilia mikopo ya kwenye simu, ile kausha damu ya elfu hamsini wiki moja, ukichelewa wanapigia simu mpaka mkwe wako. Novemba Benki Kuu imetoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na kibali na ikayapiga marufuku. Katibu anayo orodha, kabla hujagusa "omba sasa" mpigie kwanza.

Mwisho hofu ya TRA, watu wa kodi, mana nasikia mnanong'ona kwamba Lipa Namba inakuchongea mauzo. Ni kweli hela ya simu inaacha alama, siwezi kuwadanganya. Lakini pigeni hesabu, mashine ya risiti inakuhusu ukifika mauzo ya milioni 11 kwa mwaka, gawanya kwa siku 365 ni kama elfu 30 kwa siku. Nani humu anauza chini ya hapo na bado anafungua duka? Tatizo letu kubwa mi naliona liko huku nyuma, tunachukua mzigo jumla tunapewa risiti ya nusu au hatupewi kabisa, kwaiyo mauzo yanaonekana na manunuzi hayaonekani. Ile Juni 24 Kariakoo walipogoma wakafunga maduka kwa mambo haya haya ya kodi sisi ndo tulikaa na rafu tupu, na bado hili la risiti halikuisha. Kamati inapendekeza tuanze kuagiza kwa pamoja unga, sabuni na mafuta, mzigo mmoja risiti moja kamili, tugawane hapa hapa. Tutalipigia kura baada ya chai.

Hesabu za chama atasoma mhazini. Wanaodaiwa ada wamlipe kwenye Lipa Namba ya chama, jina lisomeni kwanza.